Vidonge kupitia mpira wa puani, navipa vipi?

Asalam aleikum jamani. Bi mkubwa karudi nyumbani Wete na mpira wa puani, ana vidonge vya aina tatu, naweza kuviponda pamoja nikatia kwenye uji wake?

— Waaleikum salaam. Uji usitie dawa, mpira utaziba na dozi haifiki yote. Ponda kila dawa mbali mpaka iwe unga kabisa, koroga na maji safi, vuta kwa bomba la sindano, maji kama 30 ml kabla na baada, na kidogo kati ya dawa moja na nyengine (kama ana figo au moyo muulize daktari kiasi cha maji). Akae kitako, asilazwe mpaka ipite nusu saa.

— Kwanza mpelekee mfamasia vidonge avione! Vilivyoandikwa SR au XR (vya kutoa dawa polepole) havipondwi, ukiviponda dawa yote inaingia mara moja, kama ni ya presha, presha itamshuka ghafla. Uliza ipo ya maji?

— Mpira ukiziba usilazimishe, maji ya uvuguvugu, sukuma na vuta polepole. Soda sahau. Na alama ya mpira pale puani ikisogea usitie kitu, mrudishe hospitali.