Tupeane uzoefu: asubuhi yako huanzaje?

Mgeni wa Kampala: Habari za kuamka, ndugu zangu. Nimekulia Mombasa, sasa naishi Kampala, na bado nashangaa jua la huku linavyochelewa. Saa zetu ni zilezile, ila Kampala iko magharibi zaidi, basi jua huchomoza karibu nusu saa baada ya Mombasa. Novemba ni kama saa 12:30, Februari hugonga saa 1 kamili. Watu wameshajaa stendi za teksi na giza bado. Naipenda mno saa hiyo. Ninyi je?

Mama Mukene, Kiyindi: Mimi asubuhi ndiyo riziki yangu. Usiku usio na mwezi wavuvi wa hapa Kiyindi huingia Ziwa Victoria na taa, mukene, yaani dagaa, wakaufuata mwanga. Alfajiri mitumbwi ikifika tunanunua kwa beseni, tunaanika. Hata uso sijanawa, nishatazama mawingu. Jua likiwahi, jioni samaki wamekauka vizuri, wanaliwa na watu. Mvua ikinyesha wanaoza, na mzigo uleule unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Ada ya watoto imo humo. Nikikuta anga safi namshukuru Mungu kwa sauti, majirani wamezoea.

Mwalimu, Kasese: Huku ukitaka kuuona mlima Rwenzori, amka mapema. Kuna theluji kule juu, kilele cha Margherita kina mita 5,109, lakini mawingu huufunika mara nyingi kabla ya mchana. Nawatoa wanafunzi nje wautazame kabla ya somo la kwanza.

Muuguzi, Mbale: Kwangu kukicha ni kumaliza zamu. Ndugu wa wagonjwa wanaingia na chupa za chai na uji, akina mama wanaulizana walivyolala, nami nakabidhi wodi, jina kwa jina. Wote niliowapokea jioni wakiwa hai, narudi nyumbani mwepesi. Si kila siku inakuwa hivyo, na siku hizo silali.

Mgeni wa Kampala: Pole sana, dada, na Mungu akupe nguvu. Mama Mukene, mvua ikishika wiki nzima mnafanyaje?

Mama Mukene, Kiyindi: Wengine wanatia chumvi, wengine wanakaanga, mwanangu. Mafuta ni ghali, lakini afadhali kuliko kutupa. Leo limewaka, ngoja nikageuze.