Nimemaliza mionzi, mbona uchovu haujaisha?

FundiWaMbagala
Habari zenu ndugu. Mimi ni fundi cherehani, Mbagala Rangi Tatu. Nilikutwa na saratani ya titi la kushoto, nikakatwa, nikapigwa dripu za kemo, kisha mionzi pale Ocean Road. Mionzi nimemaliza mwezi wa nane. Sasa nameza tamoxifen kila siku, na daktari kasema hicho kidonge ni cha miaka, siyo miezi.

Kilichonileta ni uchovu. Wakati wa matibabu kila mtu alielewa: wifi anapika, mume anafua, mimi nimelala. Siku ya mwisho ya mionzi walichinja kuku, wakapiga vigelegele, kesho yake kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake. Nami nikarudi kwenye cherehani. Nikimaliza sketi moja tu nguvu zimekwisha, najilaza juu ya meza ya kukatia vitambaa, na nikiamka nimechoka vilevile.

Vidole ndiyo usiseme. Ganzi tangu zile dripu za mwisho. Juzi natia vifungo kwenye shati jeupe la shule, nikaona doa jekundu kwenye kola. Nikadhani mtoto kamwagia juisi ya rozela. Kumbe nimejichoma sindano wala sijasikia kitu. Shati la mteja!

Ila kubwa liko nyumbani. Nikisema "leo nimechoka", mama ananyamaza, anatazama kifua changu, halafu anaanza kuwapigia simu ndugu zetu Tanga. Mume wangu anauliza, "Imerudi?" Nikikohoa wanatazamana. Kwa hiyo siku hizi nachoka kwa kujificha: naingia bafuni, nageuza ndoo, nakaa. Nacheka nikiandika, lakini ndiyo hali. Mliomaliza, mliwaambiaje watu wenu? Na nguvu zilirudi lini?

MzeeChanika
Pole binti yangu. Chemsha majani ya mstafeli, kikombe asubuhi na jioni. Hayo mavidonge yaache taratibu.

SistaZ
Shikamoo mzee. Hapo pa kuacha vidonge naomba nipinge, mimi ni muuguzi. Tamoxifen inazuia homoni ya estrojeni isizipe nguvu chembe za saratani zilizobaki, ndiyo maana humezwa miaka 5, wengine hadi 10. Baadhi ya mitishamba huingiliana nayo. Dada, usinywe kitu kabla ya kumwambia daktari wako.

Uchovu wa baada ya matibabu unajulikana. Kwa wengine ni miezi, kwa wengine unapita mwaka. Lakini usiuvumilie kimyakimya: kliniki ijayo omba upimwe wingi wa damu na tezi ya shingoni, maana vyote viwili vinatibika. Sema na habari ya usingizi, kwa sababu tamoxifen huleta joto la ghafla, mtu anaamka usiku kalowa jasho. Ukiona damu ukeni isiyo ya kawaida, usingoje tarehe ya kliniki.

Ganzi nayo itaje. Mara nyingi hupungua polepole, ingawa kwa wengine haiishi yote. Na kama walikutoa tezi za kwapani, mkono wa kushoto uulinde: vaa subana, na kuwa makini na pasi. Kidonda kidogo upande huo kikileta wekundu, joto na uvimbe, nenda hospitali siku hiyohiyo.

UmemeKigamboni
Mimi ilikuwa saratani ya mitoki. Nilipomaliza dripu nilirudi kupanda ngazi za watu na miguu kama mlenda. Kilichonisaidia ni kutembea. Nikishuka kwenye pantoni sipandi bajaji. Mwanzo nilikuwa naishia kwa wauza mihogo, nakaa, sasa nafika nyumbani. Kulala mchana kutwa kulinizidishia tu.

Kuhusu nyumbani, usijieleze peke yako. Nilimchukua mke wangu tukaingia wote kwa daktari, na yeye ndiye aliyeuliza yale niliyokuwa naogopa kuuliza. Daktari akamtajia ya kuangalia: uvimbe mpya, maumivu yanayozidi wiki hadi wiki, kukonda bila sababu, kikohozi au kukosa pumzi kusikoisha. Tangu siku hiyo nikisema nimechoka ananijibu, "Lala, ila takataka utatoa kesho." Dada, sijawahi kufurahi hivyo kuambiwa nitoe takataka.

MamaNuru
Mimi sina ushauri, nina swali kwa fundi. Huo upande uliokatwa unajazia nini? Naweka sponji, lakini nikiinua mkono kushika bomba kwenye daladala inapanda hadi shingoni.

FundiWaMbagala
Asanteni sana. Kliniki ijayo naenda na mume wangu. Mama atasubiri zamu nyingine, yeye akisikia neno daktari tu presha inapanda. Mzee wa Chanika, nimekusikia baba, ila vidonge siachi. Vifungo na kazi zote za mkono nimempa binti ninayemfundisha. Tunagawana pesa, haina jinsi.

MamaNuru, sponji ni nyepesi, ndiyo maana inapanda. Kata kitambaa laini cha pamba umbo la tone, pande mbili, shona uache mdomo. Ndani weka kifuko kidogo cha mtama kipate uzito, zungushia pamba ya mto, ukilinganisha na mwenzake kwa mkono. Kisha shonea mfuko upande wa ndani wa sidiria, uchomeke humo. Haliendi popote hata ukining'inia mlangoni. Sikia tu: siku ya kufua toa mtama kwanza, usije ukaota.