Filamu ya kisayansi ya bajeti ndogo: tuige nini, tuepuke nini?

Mwana_Ngomeni
Salaam aleikum wakuu. Tuko sita hapa Malindi, tunaandaa filamu ya kisayansi ya dakika 12. Mvuvi wa Ngomeni anasikia redioni mawimbi ya Uhuru, ile setilaiti iliyorushwa kutoka San Marco, jukwaa la roketi lililo baharini mbele ya Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970. Tuna shilingi 60,000, simu mbili na maiki moja ya kifuani. Tumeitazama Primer, filamu ya 2004 kuhusu wahandisi wanaounda mashine ya kusafiri katika wakati, iliyogharimu kama dola 7,000. Nusu yetu wanaisifu, nusu wametoka kapa. Kwa filamu za bei hii, nguvu iko wapi na zinaanguka wapi?

Kasa_Mkongwe
Waaleikum salaam. Nusu zote mbili zina haki, yakhe. Kinachoibeba Primer ni kanuni ya mashine: huwezi kurudi nyuma kupita saa ilipowashwa, na ukitaka kurudi nyuma kwa muda wa saa sita, utakaa ndani ya mashine hiyo, ambayo ni sanduku, kwa muda uleule. Kanuni haikugharimu hata senti, na ndiyo inayozaa njama, uchovu na kutoaminiana. Inapoangukia ni hapohapo: wahandisi wanadakiana maneno kwa lugha ya kazi, hakuna wa kuwauliza maana, na kuelekea mwisho yanarukwa matukio ambayo mtazamaji alihitaji kuyaona.

Yenu ina tobo. Uhuru iliacha kazi 1973, na 1979 ikarudi kwenye angahewa ikaungua. Msilizibe, litumieni! Mvuvi aambiwe kabla ya dakika ya tatu kwamba chombo hicho hakipo tena. Kisha muamue: mawimbi yanatoka wakati uliopita, au kuna anayeyaiga? Jibu liandikwe kwa sentensi moja kabla ya mazungumzo yoyote. Na redio ya FM inaishia megahezi 108, ilhali setilaiti nyingi za zama zile zilitumia karibu na 136. Mpeni redio ya mawasiliano inayofika masafa hayo, ile ya sebuleni haifai.

Fundi_Maiki
Pesa ya kwanza iende kwenye sauti. Maiki ya kifuani bila kofia ya manyoya, ufukweni wakati wa kusi, itarekodi upepo mtupu, na hakuna programu itakayoyaokoa maneno. Rekodini kwa kilohezi 48, sauti ya juu kabisa ifike desibeli -12, isipite. Ndani ya nyumba zimeni feni na friji, kisha rekodini dakika nzima ya chumba kikiwa kimya; bila hiyo kila mkato utasikika kama mlango unaofungwa.

Kosa linalowapata wengi wa simu: simu hubadilisha idadi ya fremu yenyewe, sauti iliyorekodiwa pembeni ikaachana na midomo kadiri picha inavyorefuka. Tumieni programu ya kamera inayofunga fremu 25, na mpige makofi mwanzo NA mwisho wa kila picha, ili muweze kuoanisha sauti na midomo. Sauti ya setilaiti haina gharama. Rekodini mkwaruzo wa redio katikati ya stesheni mbili, upunguzeni kasi nusu, kisha ondoeni sauti za chini ya hezi 300 na za juu ya 3,000.

Jicho_la_Bamvua
Shuta, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50. Ukiweka 1/60 taa nyingi za LED zitapepesa. Ila juani simu haina pa kupunguzia mwanga, maana tundu la lenzi yake halibadiliki, kwa hiyo nunueni kichujio cha ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, cha stopu sita au saba (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu).

Maji nayo. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mkipiga ufukwe leo saa kumi maji yakiwa yamekupwa, mkarudi wiki ijayo saa ileile, mtayakuta yamejaa, na mvuvi wenu ataonekana ameruka bahari katikati ya sentensi. Malizeni ufukwe siku moja, au ngojeni wiki mbili maji yarudi kama yalivyokuwa saa ileile. Jioni usiitegemee sana: huku jua hushuka wima, mwanga mzuri unakwisha upesi.

Kama mnataka sayari ngeni, makorongo ya Marafa yanatosha. Udongo mwekundu na mweupe, bila kompyuta. Leseni ya KFCB, bodi ya uainishaji wa filamu, mshughulikie mapema, na droni ina kibali chake kutoka KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga.

Mwana_Ngomeni
Shukrani sana. Je, roketi? Mwenzetu anataka kuichora kwa kompyuta na kuiweka kwa kitambaa cha kijani.

Jicho_la_Bamvua
Mkatalieni. Simu hubana rangi, kingo za nywele zitakuwa na meno, na kijani kitamrukia mwigizaji usoni asipokaa mita mbili mbele ya kitambaa. Mwonyesheni mvuvi tu: taa ya rangi ya chungwa ipande taratibu usoni pake, kimya. Ngurumo ije baadaye. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo jukwaa likiwa kilomita 3 kutoka alipo, hesabuni sekunde 9.

Kasa_Mkongwe
Na katika sekunde hizo 9 asiseme kitu.