Mbwa anakata roho huku anahutubia! Jamani, hii ni kumbukumbu au mkutano wa hadhara?

Wakuu, kitabu hiki cha kumbukumbu za mtu na mbwa wake nimekifunga sasa hivi na mikono inatetemeka kwa hasira. Mwandishi mnamjua, msinilazimishe nimtaje.

Mbwa yuko juu ya meza ya daktari wa mifugo. Sindano imeshaingia. Mwenyewe kamshika sikio. Na hapo hapo mbwa ANAANZA KUHUTUBIA! Kurasa tatu! Anashukuru kwa matembezi, anasamehe makosa yote ya nyumba nzima, anakumbuka "machweo mekundu". Mekundu? Mbwa hatofautishi nyekundu na kijani! Hata rais anayeaga madarakani haongei hivyo.

Kinachoniuma ni kwamba mtu huyu kalamu anayo. Ile sura ya uzee, mbwa anaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya kwanza, anatazama juu, anaurudisha chini. Kesho yake anauweka tena. Basi. Hakuna sitiari wala "ewe rafiki yangu". Nililia mpaka ukurasa ukaloa. Halafu mtu huyohuyo anakuja kumshikisha mbwa kipaza sauti, sindano ikiwa mwilini!

Tashihisi, yaani kumpa mnyama sifa za binadamu, kwenye ngano za sungura na fisi, sawa, huko wanyama wanasema tangu mstari wa kwanza. Hapa tumeambiwa ni maisha ya kweli. Umeishi naye miaka yote hiyo hajatamka neno, aje atamke akiwa nusu kaputi?

Argos, yule mbwa kwenye utenzi wa Mgiriki Homer, kamngoja bwana wake Odysseus miaka 20. Anamwona, anatikisa mkia, analaza masikio, nguvu za kumsogelea hana, anakufa. Kimya! Watu wanalia mpaka leo. Huyu wetu, kurasa tatu!

Na kila sura inafungwa na "sikujua siku zake zinahesabika". Taharuki gani hiyo? Nani asiyejua mbwa haishi miaka ya kobe?

#2 Mleta uzi, nenda kalale. Mimi hotuba nimeipenda, nimemsomea mama akalia.

#3 Mwandishi Mwingereza Virginia Woolf mwaka 1933 kaandika maisha ya Flush, mbwa wa mshairi Elizabeth Barrett Browning, mpaka mawazo ya mbwa kayaandika. Mbona yeye hamumsemi?

#4 (mleta uzi) Mkuu, Flush anainusa dunia, hatoi neno la shukrani. Na hakuwa na SINDANO MWILINI!

#5 Hotuba afadhali. Mimi nimesikiliza toleo la sauti. Msomaji anabweka.

#6 Anabweka kabisa?

#5 Kila sura, mkuu. Ile ya mvua kalia kama mbwa aliyefungiwa nje.

#7 Nyie mna bahati. Vitabu vya paka vyote, paka ni mwanafalsafa. Wangu anakojolea viatu.

#8 Tukiwa hapohapo kwenye vitabu, kuna mtu humu kaazima changu cha farasi. Anajijua.

#9 Nilishasema nitarudisha.

#8 Na jalada lake?