Naomba ushauri: vidung'ata wa mipapai na bakteria wanaorithishwa

Mkulima wa Sabaki:
Assalamu alaykum, wanajukwaa. Ninalima mipapai kando ya mto Sabaki, hapa Malindi, na tangu joto la kaskazi lianze vidung'ata wameyafunika majani na matunda kwa ule unga mweupe mfano wa pamba. Nimeelezwa kwamba mdudu huyu hawezi kuishi bila bakteria anaowarithi kwa mamake. Je, bakteria hao wakiuawa, naye atakufa? Na ilikuwaje mnyama akawategemea viumbe wa ndani kiasi hicho? Wiki hii usingizi umenipaa.

Mwalimu Mstaafu:
Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nitaanza na swali la pili, kwa kuwa ndilo nilipendalo. Utomvu wanaoufyonza wadudu hawa una sukari tele, lakini una upungufu mkubwa wa zile asidi amino (viungo vya kuundia protini) ambazo mnyama hawezi kujiundia. Wahenga wao waliwapokea bakteria wenye uwezo wa kuziunda, na tangu hapo kila mama humwachia mwanawe bakteria hao tangu yungali yai. Kwa vidukari, ambao nao hufyonza utomvu, ushirika huu umedumu zaidi ya miaka milioni 100. Bakteria aliyefungiwa humo hakutani na wenzake wa nje wa kubadilishana naye jeni, na jeni asizozihitaji huharibika na kupotea: Buchnera, bakteria wa vidukari, ambaye jenomu yake (yaani DNA yake yote) ilisomwa mwaka 2000, ana herufi za DNA zipatazo 640,000, ilhali jamaa yake E. coli, anayeishi matumboni mwetu, ana zaidi ya milioni 4.

Kwa vidung'ata jambo limezidi. Mwaka 2001 ilibainika kwamba katika seli zao mna bakteria aitwaye Tremblaya, na ndani ya Tremblaya huyo mna bakteria mwingine. Katika kidung'ata wa michungwa, Tremblaya amebakiwa na herufi 139,000 hivi, na hatua za kuunda asidi amino moja hugawanywa baina ya bakteria hao wawili na mdudu mwenyewe. Katika ufundishaji wangu wote sikukutana na jambo lililonistaajabisha kama hili.

Mama Rukia:
Mimi nina mipapai sita uani. Mwaka jana niliyakata majani yaliyoathirika, nikayachoma, nikaiosha miti kwa maji ya sabuni kila baada ya siku chache, kisha nikawazuia sisimizi kupanda, maana wao huyafuata maji matamu ya vidung'ata na huwalinda. Minne ilipona. Lakini kaka, mbona waulizia kuua bakteria badala ya mdudu? Umeshanyunyiza nini?

Mkulima wa Sabaki:
Nimenyunyiza tetrasaiklini, antibiotiki ya kuua bakteria, ule unga unaotiwa katika maji ya kuku, katika safu nne. Hoja yenyewe naiona sahihi, kwani bakteria ndiye mhimili wa mdudu, na kopo la pili nimekwisha kulilipia. Matunda ya safu hizo yaliuzwa Jumamosi.

Msomaji wa Ganda:
Naomba radhi, lakini kisa hiki sikiamini. Mkulima aliyeshikwa na hofu ya mavuno haulizi chanzo cha ushirika wa kale. Huyu ni mwanafunzi anayetafutiwa majibu ya insha, na sisi tunamwandikia.

Mkulima wa Sabaki:
Binti yangu ndiye anayesoma biolojia chuoni, naye alinieleza haya kwa simu. Leo asubuhi nimezipitia safu zote nne, na vidung'ata wako vilevile. Mtu haubuni msiba wa shamba lake.

Mwalimu Mstaafu:
Mimi namwamini. Ndugu, hoja yako ina ukweli katika maabara: vidukari walioondolewa Buchnera kwa antibiotiki hudumaa na hukosa uzazi. Lakini dawa hiyo hupitishwa katika chakula wanachokifyonza, ilhali yako imeishia juu ya majani na juu ya nta inayomkinga mdudu, na bakteria umtakaye yumo ndani kabisa ya seli zake. Utakalolipata ni kuwazoesha dawa bakteria wa udongoni na wa juu ya matunda, na dawa hiyo ni ya kututibu sisi na mifugo yetu. Mfuate afisa wa kilimo, umuulize habari za nyigu mdogo aitwaye Acerophagus papayae. Asili yake ni Meksiko kama ya kidung'ata wa mpapai, naye hutaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata huyo. Usinyunyize sumu kali, kwa maana itamuua nyigu kwanza.

Mkulima wa Sabaki:
Kesho nitalirudisha kopo dukani, na matunda yaliyobaki katika safu hizo sitayauza. Yale ya Jumamosi ndiyo yaninyimayo usingizi, maana aliyeyanunua namjua, na ana watoto wadogo.

Mama Rukia:
Basi mpigie simu sasa hivi, kabla ya Magharibi.