Mrejesho: betri ya taa za kuvutia dagaa usiku, Kibirizi, Kigoma

Wakuu, nimerudi. Niliuliza betri gani itawasha taa 3 za wati 20 ziwani mpaka alfajiri, maana ile ya zamani ilikuwa inakata saa 7 usiku. Asante sana kwa aliyenipigia hesabu: wati 60 mara saa 10 ni wati-saa 600, gawa kwa volti 12 unapata Ah 50 (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri), kisha zidisha mara mbili kwa sababu betri ya asidi haitakiwi kushuka chini ya nusu ya chaji yake. Nikachukua ya Ah 100. Siku mbili za mwanzo, safi kabisa. Ila sola yangu ya wati 100 haiijazi kwa siku moja. Usiku wa tatu taa zilififia saa 9, dagaa wakatawanyika huku tunawaangalia. Natafuta paneli ya pili.