Tulilipia programu ya sataranji ya Windows, sasa muuzaji anatukataa kwa kuwa tunatumia Linux

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Klabu yetu ya vijana hapa Jinja, Uganda, ilichanga shilingi 420,000, sehemu kubwa ikitoka kwa wazazi wanaouza nyanya na ndizi sokoni, ili tununue programu ya sataranji ya Windows pamoja na hazina ya michezo iliyofafanuliwa na magwiji. Wiki tatu zimepita na hakuna mtoto aliyemaliza hata somo moja.

Laptopu zetu nne ni kuukuu. Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hatukuweza kuhamia Windows 11 kwa sababu hazina TPM 2.0, kile kijenzi cha usalama kinachodaiwa na mfumo huo, basi tukasakinisha Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, ambayo kwa kazi nyingine zote haijatusumbua. Kabla ya kulipa nilimwandikia muuzaji nikamuuliza waziwazi kama programu yake inafanya kazi kupitia Wine, yaani ile programu inayowezesha programu za Windows kuendeshwa ndani ya Linux. Alijibu siku hiyohiyo kwamba wateja wengi huitumia hivyo bila shida. Barua pepe hiyo ninayo.

Naomba nieleweke: siilaumu Wine. Wengi huiita kiigizi, ilhali haiigizi kompyuta nyingine. Hupokea maombi ambayo programu ya Windows huyapeleka kwa mfumo wake na kuyatafsiri yawe maombi ambayo Linux inayaelewa, ndiyo maana injini ya kukokotoa hatua ilikwenda kwa kasi nzuri tangu siku ya kwanza. Tatizo la mwanzo lilikuwa maandishi. Mahali palipopaswa kuonekana kichwa cha farasi, alama ya kete ya farasi katika orodha ya hatua, palikuwa na kisanduku kitupu, na binti mmoja wa miaka 11 akawa anawasomea wenzake kwa sauti, "kisanduku f3, kisanduku c6," huku akinitazama nimsaidie. Nilizitafuta fonti za programu, nikazinakili kwenye folda ya fonti ya Wine, farasi wakarudi.

Kilichotuua ni leseni. Inaruhusu kuamilishwa mara tatu, na programu huihesabu kila folda mpya ya Wine kuwa kompyuta mpya. Katika kuhangaika na fonti nilifuta folda na kuanza upya mara tatu kwenye laptopu ileile, nikipakua faili zilezile kwa bando nililolinunua kwa pesa yangu, na kufikia jioni nafasi zote tatu zilikuwa zimekwisha. Nilipoomba zirejeshwe, muuzaji yuleyule akajibu kwamba Linux haihudumiwi na kwamba leseni iliyokwisha kutumika hairudishiwi fedha. Je, lile jibu lake la kwanza lilikuwa la kutuvutia tulipe tu?

Najua nitaambiwa nitumie Stockfish, injini ya sataranji ambayo ni ya bure na ina toleo la Linux. Tunayo tayari. Injini itakwambia kwamba hatua fulani ni mbaya, lakini haimwelezi mtoto kwa nini askari wa d5 akisukumwa mapema hubaki peke yake bila ulinzi. Tulilipia maelezo hayo. Wala kuendesha Windows kamili ndani ya Linux si suluhisho kwa mashine zenye RAM ya GB 4.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba mchezo wa sataranji ni maandishi tu. Muundo wa PGN, wa kuhifadhi michezo kama maandishi, upo tangu 1993, hufunguka kwa kihariri chochote cha maandishi, na huweza kubeba maelezo ya mwalimu kati ya hatua na hatua. Huyu ameyafungia masomo yake katika muundo wake mwenyewe, na kitufe cha kuyatoa kama PGN hakibonyezeki mpaka leseni iamilishwe.

Nimemwandikia tena leo asubuhi nikimpa njia tatu: aturejeshee nafasi za leseni, au atutumie masomo hayo kwa PGN, au aturudishie fedha zetu. Aliyewahi kurejeshewa nafasi na muuzaji wa programu baada ya kutumia Wine aniambie alimwandikia nini, na kama kuna namna ya kunakili folda moja iliyoamilishwa kwenda laptopu nyingine bila leseni kukatika, tafadhali nielekezeni kabla ya Jumamosi, kwa sababu watoto watakuja.